Dishi la Kwa Siwema

Kibirizi, Kigoma
9 Machi 2025

Kaka Elikana,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia, najua, nisamehe. Bahasha yako na zile fomu zilifika tangu Januari, nikaziweka juu ya kabati ili Kulwa asizifikie, na kila siku nikasema leo. Ikifika jioni nimechoka, nasema kesho. Si dharau. Ni mapacha, ni mvua, ni kuanika dagaa na kuwaanua kila wingu linapopita.

Sisi hatujambo. Mama yuko Kalinzi, mguu umepungua uvimbe, anapanda mwenyewe mpaka kwenye kahawa na akikatazwa ananuna. Anauliza unakula nini huko. Dotto ameanza kutembea. Kulwa bado anatambaa, na akiona mwenzake amesimama anamvuta chini. Shemeji yako Amuri yuko safarini kusini na boti ya Mzee Feliksi, atarudi Alhamisi ziwa likikubali.

Kwanza nikwambie kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu unasema "nitakupigia", halafu hupigi. Na hizi karatasi zinatakiwa na mihuri halisi, kwa hiyo bahasha lazima ipande basi. Acha na maneno yangu yapande humo humo.

Nimeelewa hivi, unisahihishe nikikosea. Kampuni yenu inataka kujaribu madishi madogo ya intaneti ya setilaiti, yale yanayoshika hata chombo kikiwa kinatembea. Mamlaka ya mawasiliano haitoi ruhusa mpaka ijue dishi litakaa wapi, kwa muda gani, litatumia masafa gani, na ni nani wa kuulizwa likileta shida. Moja litafungwa juu ya paa la boti ya Amuri. Jingine litakaa ufukweni Kwa Siwema, ambako simu haishiki hata ukipanda mlima, ili mtu wa pale aweze kuiita boti. Umeniandika mimi kuwa mwakilishi wa huku kwa sababu Amuri hakai nchi kavu. Nimekubali.

Lakini ujue nimekubali kwa nini. Mdogo wetu Scola ana mimba tena. Alinikataza kukwambia mpaka ionekane, na sasa inaonekana. Wanahesabu mwisho wa mwezi wa saba. Wewe ulikuwepo kwenye harusi yake. Hukuwepo mwaka juzi alipokaa pale Kwa Siwema na uchungu, kanga imefungwa kwenye mti, wanasubiri boti yoyote iione isogee. Ilipokuja, mtoto alikuwa ameshachoka, hakupona. Scola hakulia siku ile, na mpaka leo hajalia, na hicho ndicho kinachonitisha. Wewe unasema majaribio. Mimi nasema lile dishi liwe limefungwa kabla ya mwezi wa saba.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa nimepata, na wa kamati ya mwalo, hapa boti zinaposhusha samaki. Mtendaji wa kijiji kule kusini ameandika vizuri kabisa kwamba dishi litakaa Kwa Siwema na kijiji kimeridhia. Mzee Feliksi amesaini kama mwenye boti, baada ya kuniuliza mara nyingi kama kitu hicho kinavuta radi. Nilimwambia nitakuuliza. Je, kinavuta?

Mdogo wako,
Winfrida


Tabata, Dar es Salaam
30 Machi 2025

Mdogo wangu Mama Kulwa,

Marahaba. Bahasha imefika salama, mihuri yote inasomeka, hata ule wa mwalo ambao nilidhani utakuja na magamba ya samaki. Umefanya kazi ambayo hapa ofisini ingehitaji kikao. Mwambie Mzee Feliksi dishi halivuti radi kuliko bati lake la paa.

Habari ya Scola imenikalisha chini. Sikujua. Mwambie kaka yake anamsalimu, na mwambie aje mjini akae kwako mapema, asisubiri dishi. Kitu cha ofisi si cha kukisubiria na mimba.

Maombi nimeyawasilisha. Kimsingi wameyapokea vizuri, ila wana maswali. La kwanza ni mpaka: ng'ambo ya ziwa ni nchi nyingine, kwa hiyo wanataka ahadi ya maandishi kwamba boti ikivuka katikati ya ziwa dishi linazimwa. La pili limenichekesha. Afisa anauliza Kwa Siwema ni wapi, kwa sababu hapaoni kwenye ramani yoyote. Nilimwambia ramani haijafika, sisi tumefika. Hakucheka. Anataka namba za mahali, zile zinazoonyesha sehemu juu ya dunia mpaka kwenye hatua ya mtu.

Nikakumbuka picha niliyompiga Scola ufukweni siku ya harusi, amesimama mbele ya duka la Bibi Siwema na gauni lake. Simu huwa inahifadhi mahali picha ilipopigwa. Nikazitoa namba humo, nikazijaza, afisa akaridhika. Kwa hiyo hilo usihangaike nalo tena.

Mkurugenzi anasema majaribio haya yakifanikiwa huko, tutapelekwa na kwenye maziwa mengine. Kila mtu hapa anakimbia.

Niandikie Amuri anasemaje juu ya kuzima.

Kaka yako,
Elikana


Kibirizi
24 Aprili 2025

Kaka Elikana,

Shikamoo, na pole na mafuriko ya huko, tumeyaona kwenye simu ya jirani. Sisi Pasaka tulikula kwa Mama. Alichinja jogoo yule mkali, mapacha wakamlilia. Mama bado anauliza unakula nini. Safari hii naomba ujibu, nimechoka kumtungia.

Amuri amesaini ahadi ya kuzima. Anasema umwambie afisa wako kwamba akienda kwa wajomba zake kule Kalemie, Kongo, dishi likifika katikati ya ziwa atalifunika shuka kama bibi harusi. Huku mwaloni tayari wanamwita Rubani. Wanamuuliza ndege inaondoka saa ngapi na kama kuna chai ndani. Yeye anawajibu kwamba tiketi zimekwisha. Anapenda, hata akijifanya anakereka.

Scola hataki kuja. Nilimtumia ujumbe kwa Amuri, majibu yakaja na mihogo gunia zima, kana kwamba ndiyo itanifunga mdomo. Anasema mama mkwe wake ni mgonjwa, hawezi kuachwa na nyumba. Gasper, mumewe, naye anajiandaa kuondoka, kwa sababu ziwa likifungwa mwezi ujao hakuna kuvua mpaka Agosti, na mvuvi akikaa bila nyavu anaanza kugombana na kuku. Ameitwa kwenye mashamba ya mpunga mbali huko. Kwa hiyo Scola anasema atakuja mwezi wa saba, boti ya Amuri ikipita. Nimemwambia mwezi wa saba una siku nyingi. Amesema anajua.

Sasa fikiria mwenyewe. Ziwa likiwa wazi, mitumbwi ya wavuvi inapita pale kila saa, na mtu akifunga kanga kwenye mti wataiona. Likifungwa, zinabaki boti za abiria na mizigo peke yake, na hizo zinapita mbali kwa sababu zina haraka. Mwaka huu mtoto anakuja katikati ya ukimya huo. Wewe umeandika "maswali" kana kwamba ni mtihani wa darasani. Watayamaliza lini?

Sikukusudia kukukaripia. Dotto anaota jino na mimi sijalala.

Winfrida


Tabata
27 Mei 2025

Mdogo wangu,

Kibali kimetoka.

Naandika hivi kwa kifupi kwa sababu nataka bahasha iwahi basi la kesho. Nimekuwekea nakala. Ni kibali cha majaribio, kina mwisho wake, na kina masharti ambayo utayasoma. Sharti kubwa ni hili: mwakilishi wa eneo, yaani wewe, anatakiwa kusaini ukurasa wa mwisho kuthibitisha kwamba maeneo yaliyotajwa ndiyo hasa yatakayotumika. Ukurasa huo ukirudi, madishi yanaruhusiwa kutoka ghalani. Dishi likikutwa mahali pengine linachukuliwa, na mwenye chombo anawajibika, lakini hilo ni la kawaida kwenye karatasi zote.

Saini, upate muhuri wa mwenyekiti, rudisha. Usitume ofisini, siku hizi vitu vinapotea pale mapokezi. Tuma hapa nyumbani Tabata, kwa jina langu.

Mwambie Mama ninakula vizuri. Msalimie Scola. Mwambie hatasubiri.

Elikana


Kibirizi
12 Juni 2025

Kaka Elikana,

Shikamoo. Bahasha nimeipata. Nilipiga kelele mpaka mapacha wakaanza kulia, Amuri akatoka nje akidhani nyoka. Tulifurahi kweli, nataka ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Sikusaini siku ile. Wewe ndiye uliyenifundisha nisisaini kitu ambacho sijakiona, tukiwa shule, ulipotaka kunipa adhabu yako nisaini mimi. Amuri alikuwa anaondoka kesho yake, nikasema nitapanda naye, nimwone Scola na nione mahali penyewe. Dotto nilimwacha kwa jirani, Kulwa nikamfunga mgongoni. Fundi simu wa Gungu aliziingiza zile namba za kibali kwenye simu yangu, akasema simu itanionyesha njia hata pasipo mtandao.

Tukaenda nayo mkononi kama kikombe cha uji. Abiria wote wakawa wananiuliza tumebakiza kiasi gani. Tulipokaribia ule ufukwe wa zamani, simu ikasema tumefika. Amuri akapunguza mashine. Kaka, tulikuwa majini. Chini yetu maji, mbele yetu maji, na vigogo vya michikichi iliyokufa vimetokeza vichwa kama watu wanaooga. Pale ndipo uliposimama na kumpiga picha Scola. Ziwa lilipopanda lilichukua duka, lilichukua jiko, lilichukua na ule mti wa kanga. Amuri alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

Siwema alihama. Alivuka ile rasi akajenga ng'ambo, kwenye ghuba ya pili, juu kidogo. Na watu wakahama naye, boti zikahama naye, mtendaji akahama naye, na bado panaitwa Kwa Siwema, kwa sababu yeye yupo. Mimi nilijua amehama. Kila mtu huku anajua. Uliposema umezitoa namba kwenye picha ya harusi, nilisoma nikapita tu. Kwangu mimi Kwa Siwema ni pale Siwema alipo. Mtendaji naye hivyo hivyo, kamati ya mwalo hivyo hivyo. Wote tuligonga mihuri juu ya jina moja, wewe ukaweka namba ya mahali ambapo hayupo.

Nilimweleza mwenyewe. Alikuwa anapima petroli kwenye chupa, hata hakugeuka. Akasema, "Mwambie huyo kaka yako mimi si mlima. Nina miguu."

Scola amenenepa uso, miguu imevimba. Anatembea kwa kushika kiuno na akiona namtazama anakiachia. Nimempa karatasi za kliniki nilizomtafutia, akaziweka chini ya godoro bila kuzisoma. Gasper ameshaondoka.

Sasa niambie tunafanyaje. Siwezi kuthibitisha kwamba dishi litakaa ndani ya maji.

Jambo jingine. Barua yako ya mwisho uliiandika kwenye karatasi ya daftari. Mambo yako huko ni mazima?

Winfrida


Tabata
22 Juni 2025

Winfrida,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kosa ni langu, sikatai.

Sasa nisikilize kama mtu mzima. Kurekebisha si kufuta namba na kuandika nyingine. Mahali pakibadilika, maombi yanarudi mezani. Na ng'ambo ya ile rasi ni jirani na hifadhi, kwa hiyo watataka na barua ya watu wa hifadhi. Hapo umeshafika Septemba. Kampuni haitasubiri. Tayari kuna wanaosema majaribio yapelekwe ziwa lingine ambako kuna barabara na hoteli.

Ninachokuomba ni kidogo. Saini kama ilivyo. Madishi yatoke ghalani, yafike Kigoma, yafungwe. Lile la ufukweni Siwema aliweke mlangoni kwake ng'ambo ya rasi, na mimi nitaleta marekebisho taratibu tukiwa tumeshaanza. Nani atapanda boti kutoka huku kwenda kupima? Watu wanafanya hivi kila siku. Si wizi, ni kutangulia.

Mambo yangu ni mazima. Ofisi imeishiwa karatasi.

Fanya kwa ajili ya Scola.

Elikana


Kibirizi
3 Julai 2025

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo. Watoto hawajambo.

Umemtaja Scola ili mkono wangu uwe mwepesi. Usirudie. Mimi ndiye ninayemfulia nguo akija, mimi ndiye niliyemshika mwaka juzi. Hakuna siku ninayosahau ni mwezi wa ngapi.

Nimekaa na ile karatasi mezani siku tatu nzima. Nimeishika kalamu, sikufichi. Nilijiambia ni jina tu. Halafu nikaona jinsi itakavyokuwa. Wewe unasema nani atakuja kupima, lakini dishi lenyewe si linazungumza na setilaiti? Si litasema lenyewe liko wapi, kila siku, kila likiwashwa? Wataliona ng'ambo ya rasi kabla sijamaliza kuanua dagaa. Watalichukua, watamwita Mzee Feliksi, na yeye aliniamini mimi na si wewe. Amuri atanyang'anywa chombo. Na siku nyingine mtu wa huku akipeleka maombi ya kweli, watasema wale wa Kigoma tunawajua.

Kwa hiyo sijasaini, na sitasaini hiyo.

Nilichofanya ni hiki. Nimerudi kusini na simu, nikasimama mlangoni kwa Siwema, nikapima namba upya, nikapima na kwenye mti wanapofunga kanga sasa. Nimekwenda ofisi ya hifadhi na mapacha wote wawili. Walimlilia ofisa mpaka akatusikiliza haraka, mmoja akamkojolea kiti, barua ikatoka siku hiyo hiyo. Hawana pingamizi maadamu hakuna mlingoti wala taa ya usiku. Mtendaji ameandika upya, safari hii ametaja rasi, ghuba na upande wa kilima. Vyote vimo kwenye bahasha. Septemba uliyoisema, mimi nimeikatia kipande. Kata na wewe cha kwako.

Scola atapanda na Amuri wiki ijayo au inayofuata. Amekubali hatimaye. Nitampisha kitanda.

Nisamehe nikikuumiza. Peleka karatasi hizi.

Winfrida


Tabata
18 Julai 2025

Mdogo wangu,

Nimezipeleka. Nilikaa pale mpaka afisa akatoka. Amezisoma zote nikiwa nimesimama, akauliza nani aliandika maelezo ya rasi, nikamwambia dada yangu. Akasema angalau sasa anapaona.

Wamepokea. Hawakusema lini.

Scola amefika kwako?

Elikana


Kibirizi
29 Julai 2025

Kaka Elikana,

Shikamoo. Barua yako ya kifupi nimeipata juzi, ilikaa stendi kwa sababu kondakta aliugua. Asante kwa kusimama pale. Mama hajambo, yuko hapa kwangu, analala na mapacha. Kila asubuhi anawaamsha kwa salamu yake ya Kiha, "mwakeye", mpaka Kulwa ameanza kuitikia.

Scola yupo hapa. Yu hai, na mtoto yu hai. Soma sasa ukiwa umekaa.

Uchungu ulimwanza mapema, siku chache kabla Amuri hajapita kumchukua. Mama mkwe wake hawezi kutembea, kwa hiyo alijikokota mwenyewe mpaka kwa Siwema, na Siwema akafunga kanga kwenye mti asubuhi. Ziwa lilikuwa jeupe, tupu, kama nilivyokuandikia. Boti ya kwanza ilipita mbali mno. Ya pili ilipiga honi ikaendelea, labda walidhani ni mtu ana mawese ya kuuza. Siwema aliingia majini mpaka kifuani na kanga nyingine mkononi, yeye na umri wake. Jua likaegemea upande wa Kongo. Iliyosogea mwisho ilikuwa boti ya mihogo, nahodha kijana anaitwa Nikodemu, ambaye hata hakuwa anawaendea wao. Aliegesha apate petroli. Wakamlaza Scola juu ya magunia, Siwema akapanda naye na nguo zake zilizolowa.

Niliitwa mwaloni wakiwa wameshafika. Hospitali walimpasua. Mtoto ni wa kike, mdogo, anafaa kulala ndani ya karai. Alikataa kulia mwanzoni, halafu akalia, na Scola aliposikia akalia naye. Kilio cha mwaka juzi chote alikitoa pale. Manesi walitaka kumtuliza, nikawaambia wamwache.

Juzi alipoweza kukaa, nilimweleza kuhusu ile karatasi. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Nilimwambia kama ningesaini mwezi wa sita, dishi lingekuwa mlangoni kwa Siwema siku ile. Alikuwa anamnyonyesha mtoto. Kisha akasema, "Kwa hiyo lingekuwepo."

Nikamwambia lingekuwepo kwa uongo, wangelichukua.

Akasema, "Wangelichukua baadaye, dada."

Akageukia ukutani na mtoto wake. Jioni aliniomba uji kama kawaida, nikampa, tukaongea mambo ya nepi. Hajalirudia. Mimi ndiye ninayelirudia, nikifua, nikianika, nikimsubiri Dotto amalize kula. Ningekuwa na karatasi ile mbele yangu leo, nadhani bado nisingesaini, lakini nisingeiandika ile barua kwa ukali ule.

Nilitaka kukupigia siku ile ya upasuaji, simu yako ikawa haipatikani. Nikapiga namba ya ofisini, ile iliyo kwenye bahasha ya Januari. Binti aliyepokea alisema hupo pale tangu Pasaka. Alikuwa na adabu. Akasema mkurugenzi amesema kibali kikikamilika utaitwa tena, na kisipokamilika basi. Kwa hiyo nilipokuandikia ukate kipande cha Septemba, ulikuwa unakwenda kule kama nani? Sikuulizi ili unijibu. Nimeelewa kwa nini ulitaka nisaini, na nimeelewa kwamba karatasi zangu ulizipeleka hivyo hivyo. Mama sijamwambia. Unakula nini ndilo swali lake bado, na sasa ni langu pia.

Mke wa Martini, jirani yake Scola, anajifungua mwezi wa kumi. Wanawake wa kule hawaniulizi tena dishi linakuja lini. Wanauliza Nikodemu anapita siku gani. Siwema amerudi kwake na kikohozi, amesema ataendelea kuingia majini mpaka watu wenye vyeo wapate muda. Hatuwezi kumwacha aendelee. Amuri ameshapima paa, Mzee Feliksi bado anasimama kwenye neno lake. Kilichobaki kiko upande wako wa reli.

Nitumie haya, na usiyapunguze kwa sababu ni mengi. Kibali chenye mahali pa sasa, nakala mbili, moja tuibandike ndani ya boti kwenye mfuko wa nailoni. Ukurasa mpya wa saini, huo nitausaini mbele ya kondakta basi lisingoje. Madishi yote mawili. Bano la kufungia kwenye bomba la mviringo, si lile bapa ulilochora, bomba la Amuri ni nene kama mkono wake. Waya mrefu kuliko ule wa kawaida, maana nyumba ya Siwema iko juu na jua zuri la kuwekea sola liko chini kwenye mawe. Betri ya kustahimili siku za mawingu. Maelezo ya kuwasha na kuzima yaliyochorwa kwa picha, kwa sababu Siwema hasomi na hapendi kusomewa. Sweta ya mtoto, ndogo kuliko unavyofikiria, halafu punguza tena. Dawa ya kikohozi ya mtu mzima. Na jina la mtu anayeshika faili letu sasa, pamoja na namba yake ya simu. Kama faili hujampa mtu, usimpe. Andika jina lako.

Mdogo wako,
Winfrida